Majira ya baridi ya kaskazini: nimeacha kuyangojea yaishe, sasa nayatazama

Mtazama Mbali (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, hasa ninyi mnaoishi katika nchi za kaskazini ambako maji hugeuka jiwe kwa miezi kadhaa kila mwaka, naomba tujadili jambo ambalo kwa kawaida hulizungumza kwa kulalamika tu. Huu ni mwaka wangu wa tisa wa kuishi juu kidogo ya latitudo ya nyuzi 60. Katika miaka minne ya mwanzo nilikuwa na desturi moja kila ilipofika Novemba: nilifunga mapazia, nikaongeza hita, nikaanza kuhesabu siku. Nilishikilia methali isemayo baada ya dhiki faraja, na leo nathubutu kusema kwamba ndiyo iliyonipoteza, kwa sababu ilinifanya niione miezi mitano ya kila mwaka kuwa chumba cha kusubiria. Anayekaa huku miaka ishirini kwa mtindo huo hajaishi hata miaka kumi na miwili.

Sisemi kwamba baridi ipendwe. Baridi inauma, njia zinateleza, ngozi ya mikono hupasuka, na kuvaa tu kabla ya kutoka ni kazi inayotaka robo saa. Hoja yangu ni nyembamba kuliko hiyo. Uzuri wa majira haya ni mdogo kwa umbo, uko karibu, na haujitangazi, kwa hiyo anayeutafuta kwa macho yaliyozoea maua na mawimbi hatauona hata akikaa miaka mia. Shukrani nayo hufuata nyuma ya kuona. Haiji kwa kujilazimisha, wala kwa kuambiwa na mtu kwamba wenzako wana hali mbaya zaidi.

Nianze na nuru, kwa kuwa ndiyo tunayoililia zaidi. Wengi hudhani kwamba baridi huja kwa sababu dunia imekwenda mbali na jua. Mambo ni kinyume: mwanzoni mwa Januari dunia huwa karibu zaidi na jua, umbali wa kilomita milioni 147 hivi, ilhali mwanzoni mwa Julai huwa umbali wa milioni 152. Kinachotunyima joto ni kuinama kwa mhimili wa dunia, nyuzi 23.4, ambako kunaigeuza nusu yetu ya kaskazini upande. Matokeo yake, katika latitudo hii, tarehe 21 au 22 Desemba jua halifikii nyuzi 7 juu ya upeo wa macho hata saa sita mchana, na tangu lichomoze hadi lizame hazitimii saa sita.

Jambo hilo nililichukia mpaka siku moja nilipotazama kivuli changu. Jua linapokuwa chini kiasi hicho, mtu wa mita 1.7 hutupa kivuli cha karibu mita 15. Changu kilikuwa kimevuka njia, kimelala juu ya theluji yote ya uwanja, kisha kimepanda ukuta wa nyumba ya jirani, kichwa kikiwa dirishani mwake. Nilisimama pale nikacheka peke yangu kama mwehu. Tangu siku hiyo nimetambua kwamba ile nuru ya dhahabu, ambayo katika nchi za ikweta hudumu dakika chache kabla ya machweo, hapa hudumu mchana mzima, kwa sababu miale hupita kwa mshazari katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Asubuhi hukutana na jioni bila adhuhuri kupita katikati yao.

Theluji nayo ni taa. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya nuru inayoiangukia, na ndiyo maana kwangu mwezi mgumu si Januari bali ni Novemba, ardhi inapokuwa nyeusi, mvua haikatiki, na kila taa ya barabarani inamezwa na lami. Usiku theluji ya kwanza inapotanda, chumba changu hupata mwanga unaotoka chini kwenda juu, ukiangaza dari badala ya sakafu. Wakati huohuo sauti hupotea. Theluji iliyotoka kuanguka ni hewa tupu kwa sehemu tisa katika kumi, nayo hunyonya sauti kama godoro, hata magari yakapita bila kishindo. Ukimya huo hauwezi kununuliwa, na hudumu siku moja au mbili tu kabla theluji haijashindiliwa.

Baada ya hapo hubaki sauti moja, ile ya hatua. Joto likiwa karibu na sifuri, theluji huyeyuka kidogo chini ya kiatu na haisemi kitu; likishuka chini ya nyuzi 10 hasi hivi, fuwele zake huvunjika badala ya kuyeyuka, nazo hulia kwa mkwaruzo kama mlango wa zamani. Siku hizi sitazami kipimajoto kabla ya kwenda kazini. Natoka, napiga hatua tatu, kisha naamua kama nirudi kuchukua glavu za pili. (Mke wangu hasadiki, lakini nimepatia mara nyingi kuliko nilivyokosea.)

Sasa niseme habari ya chembe yenyewe ya theluji, kwani hapo ndipo nilipobadilika hasa. Mwaka 1611 mwanaastronomia Johannes Kepler aliandika kitabu kidogo akijiuliza kwa nini theluji ina pembe sita, wala si tano au saba. Hakulipata jibu kamili, kwa kuwa linatokana na namna molekuli za maji zinavyoshikana zinapoganda, jambo lisilojulikana zama zake. Lakini fikirieni mtu aliyekwisha kukokotoa njia za sayari, anainama kutazama kitu kilichotua juu ya koti lake. Karne mbili na zaidi baadaye, katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont nchini Marekani, kijana wa mkulima aitwaye Wilson Bentley aliunganisha hadubini na kamera, na mwezi Januari 1885, akiwa bado hajatimiza miaka ishirini, akapiga picha ya fuwele moja ya theluji. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki Desemba 1931, akiwa amepiga picha zaidi ya elfu tano. Alifanya kazi katika banda lisilo na joto, akizuia pumzi yake, maana pumzi ya mtu ni moto kwa kitu kile.

Aliyefuata ni Ukichiro Nakaya wa Hokkaido, Japani, ambaye mwaka 1936 alifaulu kuotesha fuwele ya theluji ndani ya maabara, akiitundika juu ya unywele wa sungura. Nakaya alionyesha kwamba umbo la fuwele hutegemea joto na unyevu wa hewa ilimokulia: kwenye nyuzi 5 hasi hivi huwa sindano na nguzo nyembamba, na kwenye nyuzi 15 hasi hivi huwa nyota zenye matawi, zile tunazozichora kwenye kadi. Ndiyo sababu alizoea kuielezea theluji kuwa barua kutoka mbinguni, kwa kuwa anayejua kusoma umbo lake hujua hali ya hewa ilivyo huko juu bila kupanda. Nilipofahamu hilo nilianza kusimama nje nikiwa nimenyoosha mkono uliovaa glavu nyeusi. Mara nyingi nilipata vipande vilivyovunjika. Siku ya nne au ya tano ilitua nyota moja kamili, matawi sita, kila tawi na vitawi vyake, ikakaa labda sekunde nane. Nimetembelea majumba ya makumbusho yenye vito vya wafalme, na sikumbuki hata kimoja jinsi ninavyoikumbuka ile.

Jambo la mwisho ni ziwa. Karibu kila kitu kikipoa husinyaa na kuwa kizito. Maji hufuata kanuni hiyo hadi yafikie nyuzi 4, kisha hugeuka na kuanza kutanuka, hata barafu ikawa nyepesi kuliko maji na kuelea. Laiti ingezama, maziwa ya kaskazini yangeganda kuanzia chini hadi juu na hakuna samaki ambaye angeuona mwezi wa Aprili. Badala yake barafu hutanda juu kama blanketi, na maji ya chini hubaki karibu na nyuzi 4 majira yote. Napita kando ya ziwa hilo kila Jumapili, nikikumbuka kwamba chini ya ule weupe uliokufa kuna samaki wanaoishi polepole kwa sababu ya kosa moja dogo katika tabia ya maji, kama kweli ni kosa. Hapo sihitaji mtu wa kuniambia nishukuru.

Ningependa kusikia kutoka kwenu: je, kuna chochote mlichokiona katika majira haya ambacho hamngekuwa tayari kukibadilisha kwa siku moja ya jua kali? Nakaribisha pia wanaoniona nimepotoka.

Zamu ya Usiku

Ndugu mwanzisha uzi, nimesoma andiko lako hadi mwisho na ninakiri kwamba limeandikwa vizuri, lakini naomba niwe wa kwanza kukupinga. Uzuri unaouzungumzia unahitaji muda, na muda ndio mali tusiyokuwa nayo wengine. Ninatoka nyumbani giza na kurudi giza. Jua lako la nyuzi 7 hulisikia likitajwa kwenye redio. Ninafanya usafi katika jengo kubwa ambalo vyumba vyake vingi havina madirisha. Mwaka juzi nilianguka kwenye barafu mlangoni mwa kazini, pahali ambapo mtu alipaswa kumwaga changarawe asubuhi na hakumwaga, nikavunjika kifundo cha mkono. Barafu hiyo nayo niishukuru?

Tena hata wenyeji wenyewe hawaridhiki na giza lao. Kule Rjukan, mji wa Norwei uliofichwa na milima hata ukakosa jua tangu Septemba hadi Machi, watu waliamua mwaka 2013 kusimika vioo vitatu vikubwa mlimani ili virudishe miale kwenye uwanja wa mji. Kama giza lingekuwa na uzuri wa kutosha, wasingeingia gharama hiyo. Mimi naona kwamba methali uliyoilaumu haina hatia. Inamwambia aliye katika dhiki kwamba dhiki ina mwisho, na wakati mwingine hilo pekee ndilo linalomwamsha mtu kitandani.

Mtazama Mbali

Ndugu Zamu ya Usiku, pole sana kwa kifundo cha mkono, na ninashukuru kwa kunirekebisha kuhusu methali. Nimeitwisha mzigo usio wake. Haikuwa imeniambia nifunge mapazia. Hilo nililifanya mwenyewe.

Habari ya Rjukan ninaichukua kwa namna nyingine kidogo. Katika mji ule vioo havikuondoa majira ya baridi. Vinamulika sehemu ndogo tu ya mji, yaani uwanja mmoja, na watu huenda kusimama hapo. Kwangu huo ni mfano wa kile ninachojaribu kukisema: jua ambalo watu hulipita majira ya joto bila kuligeukia, Januari hulifanyia safari. Uchache ndio unaolirudishia thamani.

Hata hivyo umenigusa mahali pa kweli. Niliandika kama mtu mwenye saa ya mapumziko mchana, na ninayo. Isitoshe, nimesahau shukrani ya aina ya pili, ile inayoelekezwa kwa watu. Saa kumi alfajiri, siku za theluji, husikia mtambo wa kusukuma theluji ukipita chini ya dirisha langu, na taa yake ya rangi ya chungwa ikizunguka kwenye dari. Aliyemo ndani sijawahi kumwona uso. Ninapoamka saa mbili baadaye njia iko wazi kana kwamba hakujatokea kitu. Yule asiyemwaga changarawe tunamjua siku tunapoanguka. Yule aliyemwaga siku nyingine zote mia moja hatumjui kabisa. Nadhani wewe, unayesafisha jengo kabla wenyewe hawajafika, unalielewa hili kuliko mimi.

Nyuzi Sabini

Salaam kwenu nyote. Naandika kutoka kaskazini zaidi kuliko mwanzisha uzi, karibu na latitudo ya Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, ambako jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Ningependa kusahihisha picha ambayo wengi wanayo, kwamba kipindi hicho ni weusi mtupu wa saa 24. Sivyo. Jua huwa chini ya upeo wa macho lakini si mbali nao, kwa hiyo kuanzia saa tatu au nne asubuhi hadi saa nane mchana kuna utusitusi wenye rangi ambazo sijaziona mahali pengine: upande wa kusini huwa na waridi na zambarau, na sehemu nyingine yote huwa buluu, buluu nzito ambayo theluji huinywa na kuirudisha. Sababu yake ni tabaka la ozoni. Miale inayosafiri kwa mshazari mrefu hupita humo umbali mkubwa, ozoni hunyonya sehemu ya rangi ya chungwa, na kinachobaki ni buluu. Kwa maneno mengine, tuna saa nne za alfajiri kila siku kwa majuma saba.

Kuhusu mtazamo, upo utafiti unaoniunga mkono. Mwanasaikolojia wa Marekani Kari Leibowitz, akishirikiana na Joar Vittersø wa Norwei, waliwauliza wakazi wa maeneo mbalimbali ya Norwei jinsi wanavyoyaona majira ya baridi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba kadiri watu walivyoishi kaskazini zaidi ndivyo mtazamo wao ulivyokuwa mwema zaidi, na walio na mtazamo huo waliridhika zaidi na maisha. Uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mtazamo ndio uliosababisha furaha. Yawezekana wasioipenda baridi walikwisha kuhama. Lakini mimi niliyebaki nimeona kwamba jirani zangu hawaulizani majira yataisha lini. Wanaulizana kama theluji ya leo inafaa kwa kuteleza.

Mtashangaa kwamba sijataja mianga ya kaskazini, ile inayocheza angani usiku. Ni mizuri, sikatai, lakini picha za kamera zimeipamba kupita kiasi; macho ya kawaida mara nyingi huona wingu la kijivu lenye ukijani kidogo, na mgeni aliyekuja kwa ajili yake tu huondoka na hasira. Rangi ya kijani hutokana na oksijeni iliyo zaidi ya kilomita mia moja juu ya vichwa vyetu, ikigongwa na chembechembe zilizosafiri kutoka kwenye jua siku mbili au tatu. Anayetoka nje kila usiku kwa shughuli zake ataiona siku ambayo hakuitarajia, nayo siku hiyo itakuwa inacheza kweli.

Muuguzi Mstaafu

Wanangu, mjadala huu ni mzuri, ila naomba mniruhusu niweke onyo moja, kwa sababu nimewauguza watu waliodhani kwamba tatizo lao ni kukosa shukrani, kumbe walikuwa wagonjwa. Iko sonona inayomrudia mtu kila majira ya baridi na kuondoka majira ya kuchipua. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitaalamu mwaka 1984. Dalili zake ni kulala kupita kiasi na bado kuchoka, kutamani vyakula vya wanga, kujitenga na watu, na kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda. Mtu wa aina hiyo ukimwambia atazame chembe za theluji unamwongezea mzigo wa pili, kwani atajiona mkosefu kwa kutoufurahia uzuri ambao wenzake wanausimulia.

Kwa hali hiyo kuna tiba. Ipo taa maalumu yenye nguvu ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwangaza), ambayo mtu huketi karibu nayo kwa nusu saa hivi kila asubuhi bila kuikodolea macho. Yapo mazungumzo na mtaalamu. Na zipo dawa. Mwenye ugonjwa wa macho au historia ya msisimko wa akili uliopindukia asijitibu kwa taa kabla ya kumwona daktari. Pia mchana wa mawingu, hata wa Desemba, pale jua linapochomoza, kwa kawaida una nuru nyingi kuliko sebule, kwa hiyo dakika ishirini za nje saa sita mchana si anasa. Ndugu Zamu ya Usiku, nimesoma maneno yako mara mbili. Kama hali ni ile niliyoitaja, tafadhali usiivumilie kwa ukimya.

Mgeni wa Mwaka Huu

Shikamoo Muuguzi, na salaam kwa wengine. Nimefika kaskazini mwezi Septemba na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuona miti yote ikiwa mikavu. Nasikitika kila nikitoka, kwa kuwa nahisi natembea katikati ya vitu vilivyokufa. Naomba kuuliza: mtu asiyejua chochote aanzie wapi, na avae nini ili aweze kusimama nje kwa muda wa kutosha kuona mnayoyaona?

Mtazama Mbali

Karibu sana, ndugu Mgeni. Nianze na mavazi, maana mwili unaotetemeka hauna nafasi ya kushangaa. Nguo ya kwanza kugusa ngozi iwe ya sufu au kitambaa cha michezo, si pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho hubaki mbichi na kukuibia joto. Juu yake vaa nguo nene inayohifadhi hewa, kisha jaketi lisilopitisha upepo. Viatu viwe na nafasi ya vidole kucheza. Kiatu kinachobana pamoja na soksi mbili ni baridi kuliko kiatu kipana na soksi moja. Glavu zisizotenganisha vidole zina joto kuliko zinazotenganisha. Ziwa usiliguse hadi wenyeji wamekwambia barafu imefikia sentimita kumi za barafu safi, na hata hapo usiende peke yako.

Kuhusu miti, sogea hadi kwenye tawi moja ulitazame kwa karibu. Utaona vifundo vidogo vilivyofunikwa kwa magamba. Hayo ni machipukizi, nayo hayangojei Machi ili yatengenezwe. Mti uliyaumba majira ya joto yaliyopita, kabla hata majani ya zamani hayajapukutika. Majani ya mwaka ujao yako pale tayari, yamekunjwa. Baridi yenyewe nayo ina kazi. Mtufaa usiopata majuma ya kutosha ya baridi huchanua ovyo au usichanue, na ngano inayopandwa majira ya vuli haitoi masuke isipopitia baridi. Huko Alaska kuna chura wa msituni ambaye hujificha chini ya majani makavu na kuganda, moyo ukasimama kabisa, huku sukari iliyojaa katika chembe zake ikizilinda zisipasuke. Majira ya kuchipua akayeyuka na kuruka zake. Kwa hiyo usiite kitu mfu kwa sababu tu hakitikisiki.

Na chini ya theluji unayoikanyaga kuna nchi nyingine. Theluji ikifika kimo cha sentimita thelathini hivi, ardhi iliyo chini yake hubaki karibu na sifuri hata kama hewa ya juu iko nyuzi 25 hasi, na panya wadogo wa shambani hupitisha majira yote humo wakichimba vichochoro. Tafuta vijitundu pembezoni mwa vichaka asubuhi tulivu. Ukiona kimezungukwa na sakitu nyeupe kama manyoya, huenda ni pumzi ya mmojawao imeganda mlangoni.

Mwisho, chukua kipande cha kitambaa cheusi na kioo cha kukuzia cha bei ndogo. Kitambaa kikae nje kwanza dakika kumi kipoe, la sivyo theluji itayeyuka kabla hujainama. Nawe zuia pumzi.

Zamu ya Usiku

Nimerudi. Shikamoo Muuguzi; nimeweka miadi na daktari, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, na asante kwa kusoma mara mbili. Nilijaribu pia ushauri wa mwanzisha uzi. Siku ya kwanza nilitoka saa sita mchana kabla ya zamu, kulikuwa na mawingu, sikuona chochote isipokuwa mbwa. Siku ya pili pia.

Juzi, hata hivyo, nilitoka kazini saa tisa usiku kukiwa na baridi ya kutisha, nyuzi 22 hasi, bila upepo hata chembe. Juu ya kila taa ya mtaani kulikuwa na mstari mwembamba wa nuru uliosimama wima kama mlingoti, ukienda juu hadi kupotea, mweupe juu ya taa nyeupe na wa chungwa juu ya taa za chungwa, mamia kwa mamia, mji mzima. Nilidhani macho yana kasoro. Nililiacha basi langu lipite, na kwenye kituo kile linalofuata huja baada ya dakika arobaini. Kuna anayejua lile ni jambo gani?

Nyuzi Sabini

Ndugu, umeona nguzo za nuru, na nakuonea wivu, kwani zinataka mambo mawili kwa pamoja: baridi kali na utulivu kamili wa hewa. Katika usiku wa namna hiyo unyevu huganda karibu na ardhi na kuwa vibapa vyembamba vya barafu, vyenye pembe sita, ambavyo huelea vikiwa vimelala bapa jinsi jani linavyoshuka. Kila kibapa ni kioo kidogo kinachomrudishia mtazamaji nuru ya taa ya mtaani, na kwa kuwa vimepangana kwa maelfu kutoka chini hadi juu, jicho huona mstari mmoja. Nguzo hizo hazikuwa juu ya taa kama ulivyoona. Vibapa vilikuwa vimetanda angani kati yako na taa. Mtu aliyesimama mtaa wa pili aliziona nguzo zake, kutoka kwenye vibapa vingine. Zile zilizokufikia wewe pale kituoni, hakuna mwingine aliyeziona.